Saveya Amekuja na Mashine Mpya: Mwenye Ardhi wa Bute Aulize Nini?

Swali hili linarudi kila mara kutoka kwa wasomaji wa Bute, Gurar, Buna, Wajir mjini na hata Garissa: saveya amefika na mashine ndogo juu ya fimbo, hana tepe, hana msaidizi, amezunguka ploti kwa muda mfupi na kusema kazi imekwisha. Je, kazi hiyo inaaminika? Mashine yenyewe, mara nyingi, inaaminika kuliko tepe yoyote. Kinachostahili kutiliwa shaka ni mambo yaliyofanywa kabla ya saveya kukanyaga ploti yako: mashine iliambiwa inaanzia wapi, inatumia mfumo gani wa kodineti, na mpaka unaopimwa ulikubaliwa na nani. Zamani kosa la upimaji lilikaa mkononi, katika tepe iliyolegea au tarakimu iliyosomwa vibaya. Vifaa vya kisasa vimeondoa mengi ya makosa hayo, lakini vimeyahamishia mengine kwenye maandalizi, ambako mwenye ardhi hatazami. Na kosa la maandalizi ni baya zaidi kwa sababu linajificha. Tepe ikikosea, pembe hazikutani na kila mtu anaona. Maandalizi yakikosewa, kila pembe na kila urefu hutoka sawasawa, huku ploti nzima ikikaa pasipo pake.

Mashine inafanya nini hasa

Juu ya ile fimbo kuna kipokezi kinachosikiliza setilaiti za mifumo minne: GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Uchina. Simu yako nayo husikiliza setilaiti hizo, lakini hata mahali peupe huweza kukosea kwa mita 5 hivi. Ili kutoka mita na kufika sentimita, saveya huweka kipokezi cha pili mahali pasipohama, kiitwacho besi. Kile anachotembea nacho ndicho rova. Besi huwa imeambiwa ilipo, hulinganisha na yale yanayosemwa na setilaiti, kisha hutuma masahihisho kwa rova papo hapo, kwa redio au kwa intaneti ya simu. Njia hiyo huitwa RTK, na ikifanywa vizuri hutoa kosa la sentimita 1 hadi 3.

Akili mpya zimejengwa juu ya msingi huo. Tangu kampuni ya Leica ilipotoa GS18 T mwaka 2017, na wengine kufuata, fimbo haihitaji tena kusimama wima: vihisi vilivyo ndani hupima imeinama kiasi gani na upande gani, kisha programu hukokotoa ncha iko wapi. Totali stesheni, yaani darubini ya kupima pembe na umbali, ile inayogeuka yenyewe kuifuata prizimu (kioo kinachorudisha mwale wake), ina umri mrefu zaidi. Geodimeter ya Sweden iliitoa mwaka 1990, na tangu hapo mtu mmoja anaweza kufanya kazi ya wawili. Droni hupiga mamia ya picha ambazo programu huziunganisha kuwa ramani. Kontrola, kompyuta ndogo ya mkononi ya saveya, huandika kila kipimo yenyewe na kukituma ofisini kabla saveya hajarudi mjini. Haya yote ni faida ya kweli kwa eneo kama Wajir Kaskazini, ambako umbali ni mkubwa na jua halisamehi. Siku ya kazi iliyopunguzwa ni fedha iliyobaki mfukoni mwa mwenye ardhi, na hakuna sababu ya kuikataa.

Besi ilianzia wapi?

Ukibaki na swali moja tu la kumuuliza saveya, liwe hili. Kontrola nyingi zina njia ya mkato ya kuiambia besi, "chukua hapa ulipo kama mahali pako." Besi ikiwekwa hivyo, inajua mahali pake kwa kubahatisha kama simu, pengine kwa kosa la mita 2 au 3. Rova itapima sentimita kwa sentimita kutoka kwenye besi hiyo, na urefu wa kila upande utakuwa sahihi kabisa, lakini ploti yote itakuwa imesogea kwa kosa lile lile la besi. Kwa ploti ya futi 50 kwa 100, yaani mita 15.24 kwa 30.48, kusogea mita 3 ni kupoteza karibu moja ya tano ya upana, au kuingia kwa jirani au barabarani kwa kiasi hicho. Mwaka ujao akija saveya mwingine na besi iliyobahatishwa kwingine, ploti itahama tena. Hapo ndipo majirani waliokaa kwa amani wanapoanza kushtakiana, kila mmoja na karatasi yenye tarakimu tatu baada ya nukta.

Kwa hiyo muulize:

- Besi iliwekwa juu ya nguzo gani ya upimaji, na namba yake ni ipi?
- Baada ya kuiweka, alikwenda kupima nguzo au bikoni (alama ya kona ya mpaka) nyingine inayojulikana ili kujikagua? Tofauti ilikuwa kiasi gani?
- Kama masahihisho yalitoka kwenye intaneti, kituo kinachoyatuma kiko umbali gani?

Swali la tatu lina uzito Bute. Kosa la RTK hukua kadiri rova inavyokuwa mbali na besi, kwa takribani milimita 1 kwa kila kilomita, na baada ya makumi machache ya kilomita mashine huanza kushindwa kabisa kujifunga, yaani kufikia jibu la sentimita. Vituo vya kudumu kama kile cha RCMRD, taasisi ya kikanda ya ramani, kilichoko Kasarani, Nairobi, au kile cha Malindi, viko mamia ya kilomita kutoka hapa. Vinafaa kwa hesabu za baadaye ofisini, havifai kwa masahihisho ya papo hapo.

Utasema nguzo za zamani zimeng'olewa, zimefunikwa na mchanga au hazijulikani zilipo. Ni pingamizi la haki, na mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 hazikusaidia. Lakini lina dawa. Saveya anaweza kuiacha besi ikirekodi kwa saa kadhaa bila kuguswa, kisha akatuma faili kwenye huduma ya bure kama AUSPOS ya serikali ya Australia, ambayo huihesabu kwa kulinganisha na vituo vya kimataifa na kurudisha jibu la sentimita chache. Kazi hiyo inakula nusu siku. Mwambie mapema kwamba uko tayari kuilipia nusu siku hiyo, maana anayelipwa kwa ploti moja moja atashawishika kuiruka. Na mahali palipopimwa hivyo pasiachwe patupu. Wenye ploti wa mtaa mmoja, bodi ya shule au kamati ya msikiti wakichanga saruji na vyuma, wakasimika nguzo mbili zinazoonana ndani ya ua ulio salama, kila saveya atakayekuja baada ya hapo ataanzia mahali pamoja na mwenzake. Sioni fedha ndogo ya upimaji inayoweza kuzaa faida kubwa kuliko hiyo mjini Bute.

Kaskazini ya ikweta, kusini ya ikweta

Kuna mtego ambao ni wa eneo hili hasa. Ikweta hupita kati ya Garissa mjini na Wajir mjini. Nairobi na Garissa mjini ziko kusini yake. Wajir na Bute ziko kaskazini. Mfumo wa kodineti unaotumika hapa, UTM, una kanda ya 37 Kusini na kanda ya 37 Kaskazini, na ile ya kusini huongezewa mita 10,000,000 kwenye hesabu ili kuepuka tarakimu hasi. Saveya aliyezoea kazi za Nairobi akisahau kubadili kanda kwenye kontrola, mashine haitalalamika. Itapima vizuri na kuandika kodineti za ajabu. Ukaguzi wake ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari anaweza kuufanya: kodineti ya kaskazini ya ploti iliyoko Bute inapaswa kuwa kati ya 350,000 na 400,000. Ukiona inaanza na 10,3, kanda ni ya kusini na karatasi irudishwe.

Kosa la pili la jamii hiyo halionekani upesi. Setilaiti hutoa jibu katika mfumo wa dunia uitwao WGS84, ilhali ramani za serikali ya Kenya kwa miaka mingi zimechorwa katika mfumo wa Arc 1960. Sehemu ile ile ya ardhi, ikiandikwa katika mifumo hii miwili, hutofautiana kwa mita 300 hivi. Mjini utagundua mara moja, kwa sababu duka lako litaonekana limekaa mtaa mwingine. Kwenye malisho, ambako hakuna ukuta wala barabara ya kulinganisha, mita 300 zinaweza kumeza kisima kizima bila mtu kushtuka. Hata kanuni ya jumla ya kubadili mfumo mmoja kwenda mwingine, ile iliyokuja na kontrola kutoka kiwandani, inaweza kubakiza kosa la mita kadhaa. Ndiyo maana saveya makini hupima nguzo za serikali zilizopo karibu na kurekebisha hesabu zake kwa hizo. Karatasi yoyote ya kodineti isiyotaja mfumo uliotumika haijakamilika, na una haki ya kuikataa.

Fimbo inayoinama

Wasomaji wengi huona saveya akiinamisha fimbo na kudhani anafanya uzembe. Sivyo. Uwezo huo ndio unaomruhusu kugusa kona ya nyumba ya mabati, ambako zamani asingeweza kuisimamisha fimbo wima kwa sababu ya paa. Lakini uwezo huo unamwingiza mahali pabaya: karibu na mabati mawimbi ya setilaiti hugonga na kuruka, na nusu ya anga imezibwa. Mashine inasahihisha mwinamo. Haiwezi kuiona anga iliyozibwa.

Tena kuna jambo linalopita bila kutajwa. Fimbo ikiwa wima, ukikosea kuingiza urefu wake, kwa mfano ukaandika mita 2 wakati umeiteremsha hadi 1.8, kinachoharibika ni kimo tu. Mpaka unabaki salama. Fimbo ikiinama nyuzi 30, kosa lile lile la sentimita 20 husogeza bikoni sentimita 10 pembeni. Kipimo kidogo kilichokuwa hakina madhara kwa mpaka sasa kina madhara, na skrini haitasema neno. Kwa hiyo:

- kwa bikoni za mpaka, mwombe asimamishe fimbo wima popote inapowezekana, na mwinamo auache kwa kona za majengo;
- mwombe asome urefu wa fimbo kwa sauti kabla ya kuanza;
- kila bikoni ipimwe mara mbili, mara ya pili baada ya saa moja hivi, setilaiti zikiwa zimehama angani. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya sentimita 3 au 4, kuna tatizo la kutafutwa.

Na afanye kazi asubuhi. Joto la mchana hufanya hewa icheze mbele ya darubini ya totali stesheni. Karibu na ikweta, tabaka la juu la anga huchafuka zaidi saa zinazofuata machweo na kuyumbisha mawimbi ya setilaiti, kwa hiyo vipimo vya magharibi "kabla giza halijaingia" ni vya kukwepwa.

"Lakini skrini imeandika milimita 8"

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia zaidi. Milimita 8 ni makadirio ya mashine kuhusu kosa la mahali pake ikilinganishwa na besi, kwa hali inayodhani inayo. Haijui kama besi iko mahali pake. Haijui kama bikoni uliyoielekeza ndiyo ya mpaka wako au chuma cha hema la zamani. Pia angalia neno linaloandamana na hiyo namba. Likiwa "Fixed", mashine imejifunga. Likiwa "Float", bado inakisia, na kosa linaweza kuwa nusu mita au zaidi. Kipimo cha "Float" hakifai kwa mpaka, hata kama gari linasubiri.

Totali stesheni ina wasiwasi wake mdogo: prizimu zina nambari zao za masahihisho, nyingi milimita 0 au 30, na ukichanganya utaongeza au kupunguza sentimita 3 kwenye kila urefu, na ile inayojigeuza yenyewe inaweza kukamata kioo au bango linalong'aa badala ya prizimu. Ukaguzi wa tepe kwenye pande za ploti husaidia kuyagundua yote mawili.

Droni ni habari nyingine. Ni nzuri mno kwa kuchora mji mzima, bwawa au njia ya mafuriko. Haifai kuwa shahidi wa mpaka wa ploti, kwa sababu inapiga picha ua wa miiba na haijui kama ua huo uliwekwa kwa haki. Tena Kenya ina kanuni za droni za mwaka 2020 chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na Bute iko jirani na mpaka wa Ethiopia. Kamati inayomlipa mtu kurusha droni ihakikishe kibali kimeonekana kwa macho na ofisi ya chifu na polisi wamearifiwa kwa maandishi. Ama simu, iache ifanye kazi inayoiweza: kuandika visima, mabwawa na njia za mifugo za eneo kubwa, ambako mita 5 si neno. Si kila kazi inadai sentimita, na kamati inayolipia RTK kwa njia ya ngamia ya kilomita nyingi inatupa fedha.

Mpaka haumo ndani ya mashine

Wazee husema wao wanajua mipaka, mashine ya nini? Vijana husema mashine ipo, wazee wa nini? Wote wawili wana nusu ya haki, na historia ya hapa hapa inaonyesha kwa nini. Mstari wa Kenya na Ethiopia unaopita kaskazini ya Bute ulipimwa na Kapteni Philip Maud katika msafara wa 1902 na 1903, makubaliano yakaandikwa 1907, Meja Charles Gwynn akaupima upya 1908 na 1909, na Ethiopia haikuukubali mstari wake. Mambo yalikamilika kwa mkataba wa 1970. Upungufu uliochelewesha jambo kwa zaidi ya miaka 60 ulikuwa wa maafikiano, vipimo vilikuwapo.

Sheria ya Kenya inafuata mantiki hiyo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema kwamba isipokuwa rejista imeandika mipaka ya kipande hicho ni ya kudumu, ramani huonyesha mpaka kwa kukadiria tu, na mahakama haisikilizi mzozo wa mpaka kabla Msajili hajaushughulikia. Kwa ardhi ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka kamati ya watu 7 hadi 15 iliyochaguliwa na mkutano wa jamii, na tangazo la siku 60 la nia ya kupima ili kila mwenye dai alilete. Kabla ya kusajiliwa, ardhi hiyo iko chini ya amana ya serikali ya kaunti, na kaunti hairuhusiwi kuiuza. Basi mtu akikuletea ramani yenye rangi, kodineti na nembo, akadai anakuuzia kipande nje ya mji, jua kwamba kodineti zinaonyesha mahali, hazionyeshi mwenyewe.

Siku ya upimaji, majirani wa pande zote wawepo, na mzee mmoja anayekubalika na pande hizo. Waonyeshe bikoni kwanza, wakubaliane, waandike majina na sahihi zao, kisha mashine iwashwe. Ukianza na mashine, mazungumzo yatageuka kuwa ugomvi na skrini.

Kabla ya kulipa fedha za mwisho

Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, inataka upimaji wa kusajili ardhi ufanywe na saveya mwenye leseni au saveya wa serikali. Omba namba ya leseni na uithibitishe katika ofisi ya upimaji ya kaunti au kwa Mkurugenzi wa Upimaji, Ruaraka. Asiye na leseni anaweza kuwa fundi hodari wa mashine, na kazi yake bado itakataliwa. Kisha mtake akukabidhi:

- orodha ya kodineti inayotaja mfumo, kanda, na nguzo iliyotumika kwa besi;
- faili ghafi za besi na rova, kwenye flashi, si kwenye akaunti yake ya mtandaoni peke yake, maana akibadilisha simu au akihama kampuni utabaki mikono mitupu;
- vipimo vya kujikagua kwenye nguzo inayojulikana;
- picha ya kila bikoni ikiwa na kitu cha karibu kinachotambulika, na bikoni yenyewe iwe chuma ndani ya zege.

Ikiwa ploti yako imeshapimwa na huna hata kimoja kati ya hivi, usiharakishe kuita saveya mpya. Chukua tepe, pima urefu kutoka bikoni hadi bikoni na kutoka bikoni zako hadi za majirani wote, uandike na tarehe, mbele yao. Urefu ukilingana na karatasi lakini umbali kwa majirani haulingani, shaka iko kwenye besi; mtafute saveya wa kwanza na faili zake kabla hazijafutwa. Urefu wenyewe usipolingana, bikoni imeng'olewa au imehamishwa, na hapo pa kwenda kwanza ni kwa Msajili wa Ardhi kama ploti imesajiliwa, au ofisi ya ardhi ya kaunti kama ulicho nacho ni barua ya ugawaji tu.